Mlio wa Kigunduzi na Daftari la Mtafutaji

Kigunduzi cha metali kilikuwa zamani chombo cha wanajeshi watafutao mabomu yaliyotegwa ardhini na cha wanajiolojia wachache. Siku hizi kimekuwa chombo cha mtu binafsi. Huuzwa madukani, na wachimbaji wadogo wa dhahabu katika sehemu kama Chunya wamekizoea kiasi cha kukiita kwa mkato ditekta. Wanafunzi nao hukiona katika filamu, kisha huwauliza walimu wao maswali mawili: chombo hiki hufika kina gani chini ya ardhi, na mtu afanyeje ili apate mali? Swali la kwanza ni la fizikia, na lina jibu. Swali la pili, kwa maoni yangu, limeulizwa vibaya, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Nadai kwamba mwenye kukitumia kigunduzi kwa uvumilivu na daftari hupata matokeo bora kuliko mwenye kukitumia kwa tamaa na sururu.

Tuanze na chombo chenyewe. Kigunduzi hakina macho ya kuiona dhahabu. Kina koili ya waya ambamo hupita mkondo geu, yaani mkondo wa umeme unaobadili mwelekeo wake maelfu ya mara kwa sekunde. Mkondo huo huzusha uga wa sumaku unaopanda na kushuka. Uga huo unapokutana na kipande cha metali, huamsha ndani yake vijimkondo vya umeme vinavyozunguka, kwa kanuni ile ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Vijimkondo hivyo navyo huzusha uga wao wa sumaku, dhaifu mno, na koili ya pili huupokea. Mtafutaji husikia mlio.

Basi chombo hupokea habari mbili tu: ukubwa wa jibu, na jinsi jibu hilo lilivyochelewa nyuma ya mkondo ulioliamsha. Kutokana na kuchelewa huko, hukisia kama kilichofukiwa ni chuma au ni metali inayopitisha umeme vizuri zaidi, kama shaba au fedha. Nasema hukisia, kwa maana kipete cha kufungulia kopo la soda na pete ya dhahabu vyaweza kutoa jibu moja. Anayekiamuru chombo chake kivinyamazie vipete vya makopo asiyetaka kusumbuka navyo, amekiamuru vile vile kizinyamazie pete za dhahabu, wala hatajua kamwe alichokiruka. Ndiyo sababu anayejifunza afadhali atafute katika eneo dogo na achunguze kila mlio, mpaka sikio lake lizoee tofauti zake.

Kuhusu kina, hesabu ni kali. Nguvu ya uga wa koili, ukienda mbali nayo, hupungua takriban kwa kipeo cha tatu cha umbali. Jibu la kitu kidogo hupungua hivyo hivyo katika safari yake ya kurudi. Kwa hiyo jumla ya upungufu hufuata kipeo cha sita: umbali ukiongezeka mara mbili, jibu hupungua mara 64. Mwanafunzi akiielewa hesabu hii atatambua mara moja kwa nini sarafu moja haisikiki kwa kawaida zaidi ya kina cha sentimita 20 au 30, na kwa nini kukuza nguvu ya betri hakusaidii sana. Atatambua pia kwamba sentimita tano zinazopotezwa juu ya ardhi ni hasara ile ile kama zingekuwa chini yake. Wengi huchezesha koili kama mtu anayefyeka majani, ikapaa pande zote mbili mwishoni mwa kila mzunguko, na hapo huwa hawatafuti kitu. Koili na ipite karibu na ardhi, sambamba nayo, polepole, na kila mpito uingie nusu ya mpito uliotangulia.

Udongo nao una sauti yake. Udongo wetu mwekundu umejaa oksidi za chuma, mchanga mweusi wa baadhi ya fukwe una chembe za sumaku, na mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme kwa sababu ya chumvi. Yote hayo hujibu koili kabla ya sarafu kupata nafasi ya kujibu. Mtumiaji hana budi kukisawazisha chombo na udongo wa mahali alipo, na kukisawazisha tena udongo unapobadilika. Wanaoanza hupenda kukiweka chombo katika wepesi wake wa juu kabisa, na matokeo yake ni kelele tupu. Redio iliyofunguliwa mpaka mwisho haisemi maneno mengi zaidi. Afadhali kupunguza mpaka chombo kitulie, kisha kuuamini mlio unaorudia mahali pale pale kutoka pande mbili.

Historia ya chombo hiki ina kisa ambacho ningependa kila mwalimu wa fizikia akisimulie darasani. Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika kituo cha treni mjini Washington. Madaktari hawakuweza kujua risasi moja ilikwama wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule aliyekuwa ameleta simu miaka michache nyuma, alitengeneza chombo cha koili mbili zilizosawazishwa ili kuitafuta. Alikijaribu kwa askari wa zamani waliokuwa na risasi za vita miilini mwao, nacho kikafanya kazi. Lakini kitandani pa Rais kikatoa mlio hafifu uliotanda eneo kubwa, usioonyesha mahali popote hasa. Baadaye Bell aligundua kwamba chini ya godoro alilolijua palikuwa na godoro jingine la nyaya za chuma cha pua. Zaidi ya hayo, daktari mkuu, Willard Bliss, alikuwa ameshaamua kwamba risasi ilikuwa upande wa kulia, na utafutaji ukawekwa huko. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba mwaka huo. Maiti ilipopasuliwa, risasi ilikutwa upande wa kushoto.

Chombo cha Bell hakikuwa kibovu. Kilishindwa kwa mambo mawili ambayo mpaka leo huwashinda watu wengi wenye vigunduzi vya bei kubwa kuliko mshahara wa mwalimu: mazingira yasiyochunguzwa, na jibu lililokwisha kuamuliwa kabla ya swali kuulizwa.

Hapo pa jibu lililokwisha kuamuliwa ndipo walaghai wanapopata riziki. Vipo vyombo vinavyouzwa kwa madai kwamba vinanusa dhahabu umbali wa mamia ya mita, vyenye fimbo ya antena inayoelekea upande wa hazina. Hesabu ya kipeo cha sita inatosha kumweka mwanafunzi katika mashaka. Kama haitoshi, aitazame kesi ya James McCormick, Mwingereza aliyehukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2013 kwa kuuza vifaa vilivyoitwa ADE 651, vilivyodaiwa kugundua mabomu. Ndani yake hamkuwa na chochote cha kugundua kitu. Chanzo chake kilikuwa mchezo wa kutafutia mipira ya gofu iliyopotea. Serikali ya Irak ilivinunua kwa mamilioni ya dola na kuviweka katika vituo vya ukaguzi wa magari. Mkono wa aliyekishika ndio uliokuwa ukiielekeza antena, bila mwenyewe kujua. Jaribio moja la nusu saa, mashika-chombo akiwa hajui kilipofichwa kitu, lingetosha kuufichua uongo huo.

Sasa nirudie swali la mali. Nimesema limeulizwa vibaya, na nitatoa mifano kutoka Uingereza, nchi ambako utafutaji kwa kigunduzi umekuwa burudani ya watu wengi tangu miaka ya 1970.

Mwezi Novemba 1992, huko Hoxne, wilaya ya Suffolk, mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani. Alimwomba rafiki yake, Eric Lawes, aitafute kwa kigunduzi chake. Lawes akakuta sarafu na vijiko vya fedha. Alipoona wingi wake aliacha kuchimba, wakatoa taarifa, na kesho yake wanaakiolojia wakafika. Kwa kuwa sehemu kubwa ya hazina ilikuwa haijavurugwa, waliweza kuitoa kama ilivyopangwa na mwenyewe mwanzoni mwa karne ya tano: sarafu karibu 15,000 za Kirumi, vyombo vya fedha na mapambo ya dhahabu. Waliweza hata kutambua mabaki ya sanduku la mbao na kufuli ndogo za fedha. Lawes alilipwa zawadi ya paundi milioni 1.75, akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, na imehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza pamoja na hazina.

Mwaka 2015, katika wilaya ya Herefordshire, watu wawili walikuta hazina ya zama za Waviking. Hawakutoa taarifa, waliigawa na kuiuza kwa siri. Wataalamu wamekadiria kwamba ilikuwa na sarafu zipatazo 300, nazo zilizookolewa ni sehemu ndogo tu. Miongoni mwa hizo chache zimo zinazoonyesha wafalme wawili, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia, wakiwa bega kwa bega kama washirika, ilhali maandiko ya upande wa Alfred yalimfanya Ceolwulf kuwa kibaraka asiye na maana. Historia ya kuzaliwa kwa taifa la Kiingereza iliguswa na vipande hivyo vichache. Vingine vingesema nini, hatuna wa kumwuliza. Watu hao walifungwa mwaka 2019.

Je, nani alipata matokeo mazuri? Hata kwa hesabu ya fedha tu, jibu ni Lawes, naye alikipata hicho kwa kuacha kuchimba.

Waingereza wana sheria ya hazina ya mwaka 1996 inayomtaka aliyepata kitu cha namna hiyo atoe taarifa katika siku 14, na tangu mwaka 1997 wana mpango wa kuandikisha kwa hiari hata vitu vidogo visivyo hazina. Vitu zaidi ya milioni moja na nusu vimekwisha kuandikishwa. Vingi ni takataka kwa macho ya mfanya biashara: vifungo vya nguo, bizimu zilizovunjika, sarafu zilizolika. Lakini kila kimoja kina mahali pake kwenye ramani, na nukta hizo zikikusanyika huonyesha soko lilikuwa wapi na njia ilipita wapi, mambo ambayo hayakuandikwa popote. Hata hivyo sidhani tuunakili utaratibu wao wote. Vitu vyao vingi hutoka katika udongo wa juu wa mashamba ambao plau imekwisha kuugeuza kwa karne nyingi. Mahame yetu ya pwani, kutoka Kilwa hadi Lamu, kwa sehemu kubwa hayajapitiwa na plau, na shimo moja huko huharibu kilichokuwa bado kimetulia mahali pake.

Mfano wetu wenyewe unatosha kuonyesha ukubwa wa hasara inayoweza kutokea. Mwaka 1984, katika uchimbaji wa kiakiolojia huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilipatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo na nyembamba, zenye majina ya watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali za Kiislamu. Sarafu za fedha hazikuwa na tarehe. Dinari zilikuwa nazo. Kwa kuwa zote zilikutwa pamoja, tarehe za dhahabu ziliwezesha kuzipangia zile za fedha wakati wake, karne ya 11, na hivyo kuthibitisha kwamba wenyeji wa pwani yetu walipiga fedha yao wenyewe mapema kuliko ilivyodhaniwa. Sasa tuwaze kwamba mtu mwenye kigunduzi angewatangulia wachimbaji wale usiku mmoja. Dhahabu ingekwenda kwa sonara, ikayeyushwa. Fedha, zikiwa nyepesi na zenye kutu, pengine zingetupwa au kuuzwa mojamoja kwa watalii. Kila sarafu ingalipo, na habari yote ingekuwa imepotea, kwani habari haikuwa ndani ya sarafu yoyote peke yake.

Jambo hili linazidi kuwa la haraka kwa sababu ya uvumi unaoenea Tanzania Bara kuhusu mali zilizofichwa na Wajerumani. Uvumi huo una punje ya ukweli iliyoota mti mkubwa mno. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa vitani, Wajerumani walipiga mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Zilikuwa zaidi kidogo ya 16,000, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Hizo zipo, na wakusanyaji wa sarafu duniani wanazijua. Lakini kutoka hapo hadi kuamini kwamba kila boma la zamani na kila kaburi la Mjerumani limekalia sanduku la dhahabu ni safari ndefu isiyo na ushahidi. Watu wamechimba misingi ya majengo ya kale na kufukua makaburi kwa imani hiyo. Chini ya ardhi ya mapigano ya vita vile, kama Tanga mwaka 1914 au Mahiwa mwaka 1917, chuma kikubwa kinacholia kwa nguvu chaweza kuwa kombora ambalo halikulipuka. Mwenye kukuta kitu kama hicho asiguse. Aweke alama, aondoke, awaite polisi.

Sheria nayo ijulikane. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na haimruhusu mtu kuchimba ili kuvitafuta bila kibali. Kenya inayo sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Dhahabu ya ardhini nayo hutafutwa kwa leseni. Nalijua pingamizi litakalotolewa: mkulima maskini aliyekuta dhahabu shambani kwake, kwa nini aipeleke ofisini? Pingamizi hilo lina uzito, na wanaolijibu kwa vitisho vya sheria peke yake hawatendi haki. Kama tunataka mkulima atoe taarifa, basi apate kitu kinacholingana na uaminifu wake, na akipate upesi, kabla ya mnunuzi wa magendo hajabisha hodi. Hilo linafaa kujadiliwa na wenye mamlaka.

Shule hazina haja ya kungoja mjadala huo. Kigunduzi rahisi kinaweza kutengenezwa katika maabara kwa saketi mbili zinazotetema. Ya kwanza itetemeke mara 100,000 kwa sekunde bila kubadilika. Ya pili, ambayo koili yake ndiyo ya kutafutia, itetemeke mara 100,400. Zikichanganywa, sikio husikia tofauti yake, mlio wa mitetemo 400. Metali ikikaribia na kubadili mtetemo wa koili kwa sehemu moja tu katika elfu moja, tofauti hiyo huwa takriban 500 au 300, na hapana mwanafunzi asiyeweza kuusikia mgeuko huo. Chombo cha namna hii ni dhaifu na huyumba joto linapobadilika, lakini kwa kufundishia ni bora kuliko cha dukani, kwa sababu ndani yake hamna kilichofichwa.

Kisha upimwe mraba wa mita 4 katika kiwanja cha shule, mbali na kuta za saruji zenye nondo, ugawanywe kwa kamba katika vyumba 64 vya nusu mita. Kundi la kwanza lichimbe mashimo 20 katika vyumba vilivyochaguliwa kwa kura, kumi yafukiwe metali katika vina vilivyopimwa, na kumi yafukiwe udongo mtupu, ili udongo mpya usitoe siri. Mwalimu anayejua yalipo asisimame karibu na watafutaji. Kundi la pili lipite chumba kwa chumba na kuandika katika daftari, kabla ya jembe kugusa ardhi, panalia au hapalii, na mlio ni wa namna gani. Mwishoni pahesabiwe yaliyopatikana, yaliyokosekana na milio ya uongo. Kazi irudiwe baada ya mvua, na irudiwe tena chombo kikiwa katika wepesi wa juu, na matokeo yachorwe katika grafu ya kina dhidi ya idadi iliyopatikana. Ikiwa mwanafunzi ana fimbo ya antena ya mjomba wake, na aijaribu katika mraba huo huo kwa masharti yale yale.

Vitu vinapofukuliwa vihesabiwe vyote kumi, maana msumari uliosahauliwa katika kiwanja cha shule hautakawia kuupata mguu wa mtoto.